Lea wa Nyololo

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Tusajigwe aliufuta ubao kwa kitambaa chenye maji, akangoja ukauke, kisha akaandika mstari wa Biblia wa siku hiyo kwa ule mwandiko wa mviringo aliofundishwa chuoni. Watoto waliowahi walikaa kimya wakimtazama, maana mwalimu wao alipoandika alitoa ncha ya ulimi kidogo, nao walipenda sana kuiona. Asubuhi ile alikuwa amefika pale Yakobo anapoamka na kukuta kwamba aliyeozwa si Raheli bali Lea, dada yake, ndipo aliposikia sauti dirishani.

"Mwalimu! Na hilo nalo unawafundisha watoto?"

Chaki ikakatika.

Dirishani palikuwa na kofia ya bwana shamba, na chini ya kofia uso wa Philbert, kijana kutoka upande wa Iringa aliyeletwa Iyunga kuwaonyesha watu namna ya kulima viazi na pareto kwa matuta. Bustani ya shule ilikuwa nyuma tu ya darasa, na siku hizi alikuwa akiikagua mara nyingi kuliko viazi vyenyewe vilivyohitaji.

"Mtu amemtumikia baba mkwe miaka saba," alisema, viwiko vyake juu ya kizingiti cha dirisha. "Sauti ya mchumba wake anaijua, mwendo wake anaujua. Anaoa, anakaa naye usiku kucha, halafu kukipambazuka ndipo anashtuka: ala, huyu siye! Mwalimu, hata mbuzi anamjua mwenzake gizani. Hizo ni ngano za kubembelezea watoto. Na wewe mwenyewe unaamini?"

Watoto wakaangua kicheko. Tusajigwe alitaka kumjibu. Jibu lilikuwapo, tena lilikuwa fupi, lakini lilipofika kooni lilikaa hapo hapo kama mfupa wa samaki. Aliinama kuokota kipande cha chaki, na alipoinuka kofia ilikuwa imekwisha kwenda zake bustanini, ikipiga mluzi.

Kama neno lingebaki darasani, lingekwisha. Lakini watoto wana midomo, na nyumbani wana kaka. Alhamisi ilipofika, baba yake Tusajigwe, Mzee Saulo, aliyekuwa mwinjilisti na mwenye darasa la Biblia la vijana, alifungua kitabu chake na kuvaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi, na kabla hajasoma neno, kijana mmoja aitwaye Isakwisa akanyoosha mkono.

"Mzee, tunaomba kuuliza. Yakobo siku ya harusi alikuwa amekunywa nini?"

"Maana pombe ya namna hiyo," mwenzake akadakia, "sisi hapa hatujawahi kuiona!"

Benchi zima likacheka. Mzee Saulo aliinua kitabu juu. "Imeandikwa," akasema.

"Imeandikwa, ndiyo. Tunauliza aliwezaje!"

"Imeandikwa," Mzee Saulo akarudia, safari hii kwa sauti ya chini. Alhamisi iliyofuata mabenchi ya nyuma yalikuwa matupu. Ile iliyofuata, hata ya mbele yalikuwa na nafasi ya kulala mtu.

Jioni hiyo Mzee Saulo aliketi jikoni karibu na moto, akawa anaivua miwani na kuivaa tena. "Tusa mwanangu," akasema, "mimi neno hili nalijua kwa moyo. Hawa wanalitaka kwa kichwa. Wewe ndiwe uliyesoma. Tukishavuna nitamwomba mchungaji aniachishe darasa, ampe mtu mwenye majibu."

"Usiache, tata," akamwambia baba yake.

"Basi nijibie."

Tusajigwe alikoroga ugali kana kwamba ugali ndio uliouliza. Si kwamba hakuwa na la kusema. Tangu siku ile dirishani alikuwa akiisoma habari ya Yakobo kila alipopata nafasi, mbele na nyuma, na kitu kimoja kilikuwa kimeanza kumng'aria. Lakini kukiwaza ni jambo moja, na kusimama mbele ya Isakwisa na kofia ya bwana shamba ni jambo jingine. Alijiona tayari, kinywa wazi, na sauti haitoki, na baba yake akiaibika mara mbili.

Katikati ya hayo ukaja mwaliko. Esta, rafiki yake waliyelala naye vitanda jirani chuoni, alikuwa anaolewa kwao Nyololo, upande wa Iringa. Mzee Saulo alisema binti hasafiri peke yake, akapiga pasi koti lake. Ukweli ni kwamba mzee alipenda harusi kuliko mtu yeyote wa Iyunga. Wakapanda basi, wakafika Nyololo wamejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, na mtu wa kwanza waliyemwona uwanjani, akiwa ameshika kuku kwa miguu, alikuwa Philbert.

"Kamwene, mwalimu! Kamwene, mzee!" Aliwasalimu kwa lugha ya kwao akifurahi waziwazi, kisha akakumbuka kuku, akamficha nyuma. "Bwana harusi ni mdogo wangu, Jailos. Hamkujua?"

Hawakujua. Tusajigwe aliitikia kwa kichwa na kukimbilia ndani kwa wanawake.

Huko ndani mashangazi wa Esta walikuwa kwenye shauri kubwa. Kwao siku ya kumchukua mwali, upande wa mwanamume hauachiwi hivi hivi. Wasichana wanne huketishwa mkekani, wamefunikwa shuka kutoka kichwani hadi vidole vya miguu, kimya, na mjumbe wa bwana harusi anatakiwa aonyeshe mwali ni yupi. Hagusi wala hasemeshi. Akipatia, anapigiwa vigelegele. Akikosea, anapewa ufagio, na anaufagia uwanja mzima mbele ya wageni huku akiimbiwa.

"Mjumbe wao ni yule kaka mtu, Philbert," alisema shangazi mkubwa, aliyeitwa Matilda, mama mwenye mikono ya kupondea mahindi. "Anajisifu tangu jana. Ati yeye na Esta wamechunga mbuzi pamoja, ati atamjua hata akifunikwa na nyumba. Tunataka msichana wa nne, wa kimo kimoja na Esta, asiyecheka." Akazungusha macho mpaka yakatua kwa mgeni. "Wewe mama, unaweza kunyamaza?"

Esta alicheka mpaka akashika ukuta. "Shangazi, huyo? Huyo ndiyo kazi yake!"

Kwa hiyo Tusajigwe akajikuta mkekani, wa pili kutoka kushoto, ndani ya shuka iliyonuka sabuni na moshi. Alisikia ngoma, akasikia watu wakikusanyika, kisha sauti ile ile ya dirishani ikija karibu.

"Mbona rahisi," Philbert alikuwa akisema. "Mchana mweupe kabisa! Huyu wa mwisho mnene, siye. Huyu wa kwanza anapumua kama mkimbiaji, siye."

Wanawake wakamzomea. Hatua zilisogea, zikasimama mbele ya Tusajigwe, naye akaanza kutetemeka. Si kwa baridi. Ilikuwa hofu, na ndani ya hofu, kicheko, maana wazo lilikuwa limemjia ghafla chini ya shuka na alikuwa akiuma mdomo lisitoke.

"Ahaa!" Philbert akasema. "Anayetetemeka ndiye anayeolewa. Esta dada yangu, simama twende nyumbani."

Shangazi Matilda akavuta shuka.

Philbert alibaki na kidole hewani. Tusajigwe alimtazama akiwa amekaa mkekani, nywele zimevurugika, na lile wazo ambalo lilikuwa limemtetemesha likapita kooni bila kumwomba ruhusa.

"Kumbe ni Lea!" akasema.

Wa kwanza kucheka alikuwa Mzee Saulo. Alicheka mpaka miwani ikamtoka, akaikamata kwa uzi wake, akapiga paja. "Mchana!" akalia. "Bwana shamba, tena mchana mweupe! Yakobo angalau palikuwa usiku!" Wageni hawakujua habari za dirisha la Iyunga, lakini Biblia waliijua, na kicheko kikazunguka uwanja mzima, kikarudi, kikazunguka tena. Esta alitoa kichwa kutoka shuka ya tatu. "Kaka Philbert! Na mbuzi zote zile tulizochunga!"

Ufagio ukaletwa. Philbert alivua kofia, akampa mtu mwingine kuku wake amshike, akafagia. Mashangazi walimwimbia wimbo wa mjumbe asiye na macho, na yeye, bila kununa, aliufuata kwa kiuno. Alipofika pembeni, karibu na mahali Tusajigwe alipokuwa amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, nyimbo zilikuwa zimehamia kwenye chakula.

"Haya, mwalimu, umenishinda," akasema, akiegemea ufagio. "Biblia ni kweli kwa kuwa mimi ni mjinga. Nitawaambia hata vijana wa mzee."

"Hapana," Tusajigwe akasema. Alishangaa kusikia sauti yake, lakini akaiacha iendelee. "Kukosea kwako hakuthibitishi Biblia. Kunaonyesha tu kwamba ulicheka kabla ya kuuliza watu wa zamani waliwaozaje mabinti zao. Mwali aliyefunikwa, asiyesema, na watu wa nyumbani wameamua kudanganya. Wewe mwenyewe umeona."

"Nimeona. Mgongo unaniuma kwa kuona."

Tusajigwe akatabasamu kidogo, akatazama mikono yake. "Mimi kinachonishika si hicho. Yakobo alimdanganya baba yake kipofu. Alijifunga ngozi ya mbuzi mikononi ili adhaniwe kuwa ndiye kaka yake. Mzee akapapasa, akadanganyika. Halafu naye Yakobo akapewa mtu siye, gizani, na hakuweza kulalamika sana, maana alikuwa anajua alichofanya. Na huyo ni babu yao Waisraeli. Taifa zima linaitwa kwa jina lake. Wewe utaandika habari ya leo na kuipeleka kwa bwana mkubwa wako Mbeya?"

"Ya ufagio? Thubutu!"

"Wao waliandika. Ngozi ya mbuzi wakaandika, Lea wakamwandika, na machozi ya Lea ya kutopendwa pia. Mtu anayetunga uongo humpamba babu yake. Kitabu hiki hakimpambi mtu. Ndiyo maana kinaposema habari zangu mimi, kwamba nimekosa na kwamba napendwa, nakisadiki. Hakijazoea kunibembeleza."

Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu asiyekuwa na umri wa miaka minane. Mashavu yalimwaka moto. Nyuma ya ukuta wa jiko aliona koti lililopigwa pasi likijibanza, na miwani ikimetameta. Mzee Saulo alikuwa akisikiliza kila neno, midomo ikitembea, akijifunza kwa ajili ya Alhamisi.

Philbert hakucheka. Alichora mstari kwenye vumbi kwa mpini wa ufagio, akaufuta kwa kiatu.

"Swali hilo la Yakobo na Lea niliwahi kuliuliza shuleni," akasema. "Nikiwa mdogo. Niliuliza kwa nia njema kabisa. Mwalimu akanichapa mbele ya wote, akasema shetani ameniingia. Tangu hapo nikiuliza, huwa nacheka kwanza, ili mtu akinichapa ionekane nilikuwa natania." Akainua macho. "Sikuja dirishani kukushinda, mwalimu. Nilikuwa natafuta mtu anijibu."

"Mbona ulikimbia kabla sijajibu?"

"Uliinama kuokota chaki. Nikadhani umekasirika."

"Nilikuwa naogopa."

"Na mimi."

Wakatazamana, kisha kwa pamoja wakatazama kando, kila mmoja kwenye upande wake wa uwanja. Kuku wa Philbert alipita akikimbia, mguu mmoja una kamba.

"Basi nirudie," Philbert akasema, na safari hii uso wake ulikuwa mtupu, hauna mzaha wa kujifichia. "Na wewe mwenyewe unaamini?"

Jibu lilipanda kooni kama siku ile. Tusajigwe alilingoja lifike mdomoni, akafungua kinywa.

"Naamini," akasema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, hata Shangazi Matilda akageuka na mwiko mkononi. Tusajigwe hakunyamaza. "Nilitaka kusema hivyo siku ile. Na kuna la pili nililotaka kusema, tangu ulipoanza kukagua viazi visivyo na ugonjwa. Alhamisi njoo kwa baba na maswali yako yote, na siku nyingine njoo nyumbani. Lakini upite mlangoni."