Dawa ya Kuongeza Damu

Kaka yangu Nkwabi ana akili za kuchimba dhahabu, za kulea hana. Nasema hivyo kwa upendo, ingawa siku ile nilisema kwa hasira.

Mwanawe Donatus alikuwa hajafikisha mwaka. Malaria ilimwacha na viganja vyeupe, hana nguvu hata ya kulia. Muuguzi wa zahanati alitupa chupa ya dawa ya kuongeza damu, na baada ya siku chache mtoto akaanza kucheka. Tukapumua.

Asubuhi moja wifi yangu Paskalina akafungua nepi, akaniita. Choo kilichokuwa cha njano kilikuwa cheusi kama masizi ya sufuria. Nyumba ile ilikwisha kuzika mtoto mmoja.

Nkwabi, mavumbi ya machimbo ya Mwakitolyo yamemjaa kichwani, akatoa hukumu: damu imeongezwa kupita kiasi, mtoto amejaa, sasa inamwagika. Akaishika chupa aimwage. Nikamnyang'anya, nikamuuliza kama mtoto ni ndoo. Lakini moyoni nami niliogopa vilevile.

Tukakimbilia zahanati. Nkwabi hakutoa hata shikamoo, akaitandaza nepi mezani kwa muuguzi. Mama yule hakukasirika. Alimvuta Donatus kope ya chini, akatuonyesha wekundu uliokuwa umerudi. Akauliza kama ananyonya na kama anatapika. Tukamwambia ananyonya vizuri, hatapiki. Kisha akaichukua chupa.

"Dawa hii ina madini ya chuma," akasema. "Mwili unachukua unachohitaji, kinachobaki kinatoka na choo, ndiyo maana kimekuwa cheusi. Endeleeni kumpa. Ila mkiona choo chenye damu, au cheupe kama chokaa, au cheusi cha kunata kama lami, au weusi huu ukibaki dawa ikishaisha, njooni mbio kama leo."

Paskalina akakaa sakafuni akalia, na mimi nikalia naye kwa furaha. Nkwabi akatoka nje, akaingia upya, akasema shikamoo.

Njiani aliibeba ile nepi mwenyewe.

"Muda wote huu nachimba sipati kitu," akasema, "kumbe madini yako nyumbani."

"Basi, Baba Donatus, kayaoshe," Paskalina akamjibu.

Akaenda kisimani, akaifua nepi huku anaimba, na majirani wote wakamwona.