Siku ya Sabini na Moja

Mtu yule alisimama mara tu mlango ulipofunguliwa. Alijifuta viganja kwenye suruali yake ya rangi ya chungwa, akalaza nywele kwa mkono, kisha akanisogezea kiti cha pekee kilichokuwamo chumbani. Yeye akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Umetumwa na wakili wangu?" akaniuliza.

Nilikuwa na jalada kwapani na tai shingoni, sikuweza kumlaumu. Nikamwambia hapana, mimi ni Ander Goyeneche, diwani wa kaunti, nimekuja kwenye ukaguzi wa mahabusu wa kila mwaka. Ndani ya jalada langu mlikuwa na fomu ya maswali kuhusu mabomba, mablanketi na taa. Uso wake haukubadilika. Ni mabega tu yaliyoshuka.

"Samahani, bwana. Nilidhani zamu yangu imefika."

Aliitwa Curtis Bledsoe. Alikuwa kibarua wa kukata na kufunga majani ya ng'ombe katika mashamba ya kusini, na alishtakiwa kuiba mashine ya kuchomelea vyuma kutoka ghala la mwajiri wake wa zamani, adhuhuri ya tarehe kumi na tisa Januari. Dhamana ilimshinda. Wakili wake alikuwa ameonana naye mara moja tu, mahakamani, kwa dakika tano. Siku hiyo niliyoingia mimi ilikuwa ya sabini na moja tangu akamatwe.

"Ukimwona Bi Haskell," akasema, "mwambie adhuhuri ile nilikuwa kituo cha mafuta cha njia panda, maili tisini kutoka hapa. Theluji ilinikwamisha. Nilikaa pale saa tatu nzima nikinywa kahawa, na kuna kamera juu ya kaunta. Nimemwandikia barua mbili. Najua ana watu wengi."

Alikuwa na watu mia mbili na kumi na tatu. Nilijua, kwa sababu Juni iliyotangulia Lorene Haskell alisimama mbele yetu, madiwani watatu, akatutajia idadi hiyo. Ndiye aliyekuwa wakili pekee aliyelipwa na kaunti kuwatetea wasio na uwezo, katika eneo ambalo kulivuka kwa gari ni kazi ya nusu siku. Aliomba aongezewe mwenzake mmoja.

Merle Stoddard, diwani mwenzangu, akaegemea kiti chake. "Lorene, mwizi akitaka wakili mzuri, si aibe vya kutosha amlipe?"

Ukumbi ukacheka. Nami nilicheka. Kisha nikainua mkono pamoja na Merle, kura mbili kwa moja, fedha hizo tukanunulia greda la kusukuma theluji. Greda kila mpiga kura huliona likipita mbele ya nyumba yake. Lorene alikusanya karatasi zake akazigongagonga mezani mpaka zikalingana. "Nitarudi mwakani, waheshimiwa," akasema.

Kutoka mahabusu nilikwenda moja kwa moja ofisini kwake, juu ya duka la vifaa vya shamba. Majalada yalikuwa sakafuni, dirishani, hata juu ya kipasha joto ambacho hakikuwashwa tena kwa kuogopa moto. Nilipomaliza kumweleza, alifumba macho. Akainua simu papo hapo, akapiga kituo cha mafuta, akaiweka mezani ili nami nisikie.

"Kamera ipo, mama," akasema msimamizi, mwanamke mwenye sauti ya ukarimu. "Ila hujifuta yenyewe kila baada ya siku sitini."

"Na aliyekuwa kaunta siku hiyo?"

"Yule kijana alihama jimbo mwezi wa pili. Hakutuachia namba."

Lorene akamshukuru. Akapekua sanduku miguuni pake mpaka akatoa barua mbili. Moja ilikuwa imefunguliwa.

"Hii niliisoma," akasema. "Nilipanga kwenda kumwona Alhamisi."

"Alhamisi gani?"

Akairudisha barua sandukuni. Nikamwambia pole.

"Usinipe pole, Ander. Nipe mtu wa pili."

Juni nilimpa, kwa kura yangu. Merle hakunywa kahawa nami mpaka mavuno yalipokwisha. Mwaka uliofuata ofisi ya jimbo inayosimamia mawakili wa wasio na uwezo ilimtuma mkaguzi, mama mmoja makini, akaketi mahakamani wiki nzima na daftari lake. Katika ripoti aliandika kwamba kaunti yetu ni ya kuigwa, akataja kura yangu. Nilimshukuru. Sikumweleza habari za Aprili.

Aprili, wiki mbili baada ya ukaguzi wangu, mwendesha mashtaka alimpa Curtis njia mbili: akiri kosa atoke siku hiyo hiyo, ama akatae asubiri kesi mpaka Oktoba. Idara ya shule ilikuwa imemwahidi kazi ya kuendesha basi la wanafunzi, na kila mtu alijua kwamba aliyekiri wizi hakabidhiwi usukani ule. Binti yake wa miaka sita alikuwa kwa bibi yake akimngoja. Akachagua kutoka.

Nilikaa safu ya nyuma. Hakimu hakuwa mtu mkali. Alisoma maswali anayomsomea kila mtu. Kuna aliyekulazimisha? Hapana. Unaelewa haki unazoziacha? Naelewa.

"Umeridhika na huduma ya wakili wako?"

Curtis akamgeukia Lorene. Lorene alikuwa ameinamia meza, viganja vyote viwili juu ya jalada. Curtis alimtazama kwa muda, jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa aliyemkuta kitandani.

"Ndiyo, mheshimiwa," akasema.

Karani akagonga muhuri, akaita jina lililofuata. Lorene akainama kulitafuta jalada lake.