Picha ya Golikipa

Fundi wa kujalidi vitabu, ambaye maktaba nzima ilimwita Gundi, aliajiriwa kushona migongo ya vitabu. Sasa akapewa kisu aikate. Mkutubi mkuu alikuwa amerudi kutoka makao makuu roho juu: maktaba isiyokwenda na wakati itafungwa. Basi magazeti yote ya zamani, yaliyojalidiwa kama vitabu, yaingie kwenye kompyuta, na mashine ya kunakili haikubali jalada, inataka karatasi moja moja.

"Kata tu, Gundi. Tukizubaa tutageuzwa ghala la saruji."

Gundi akajikaza kisabuni, akakata. Mkutubi aliitega mashine itoe nakala za maandishi matupu, nyeusi na nyeupe bila kijivu, kwa kuwa ni nyepesi na kazi inakwenda chapuchapu. Karatasi zilizokwisha kunakiliwa zilipakiwa kwenye lori la wanunuzi wa taka. Hakuna aliyefungua kompyuta kutazama kilichotoka. Haraka ile, sijui walikuwa wanafukuzwa na nani.

Ijumaa akaja Mama Golikipa. Nyumba yake iliungua zamani pamoja na picha zote za mwanawe marehemu, na sura ya kijana ikabaki mahali pamoja tu duniani: ukurasa wa michezo wa gazeti moja la maktaba ile, ameruka, mpira mikononi. Kila Ijumaa mama alikuja kumtazama, kisha akaenda zake. Gundi ndiye aliyekuwa akimfungulia ukurasa.

"Leo utamwona kwenye kioo cha kompyuta, mama," alisema kwa mbwembwe, akamvutia kiti. "Tumeendelea!"

Ukurasa ukafunguka. Maneno yalisomeka vizuri, hata matokeo ya mechi. Mahali pa picha palikuwa na doa jeusi tii.

Mama akavaa miwani, akasogea. "Washa taa, mwanangu. Simwoni."

Gundi akakuza, akapunguza, doa likawa kubwa, likawa dogo, likabaki doa. Mkutubi mkuu alichungulia mlangoni, akaelewa, akajifanya anapokea simu.

"Si taa, mama. Ndivyo ilivyotoka."

"Basi nipe gazeti lenyewe."

"Limeshauzwa. Nililikata mimi mwenyewe."

Laiti angemtukana, Gundi angepata nafuu. Mama alivua miwani, akafumba macho.

"Nyusi zake nazikumbuka," alisema. "Mdomo ndio hunipotea, kila ikikaribia Ijumaa. Ndiyo maana nilikuwa nakuja."