Ngoma Ilipomwita Babu Fenibo

Sisi wanawake hatujui ni nani anayecheza ndani ya kinyago. Ndivyo tunavyosema, na wanaume huridhika. Lakini miguu iliyocheza mwaka ule nilikuwa nimeikanda mwenyewe kwa mafuta ya mawese. Ilikuwa miguu ya mume wangu Otaji.

Baba yangu, mkuu wa nyumba yetu, alikuwa amefariki. Nyumba kwetu si kuta; ni watu, mitumbwi na haki ya kumuuzia Mzungu mawese. Wa kurithi walikuwa wawili: kaka yangu Soberekon, niliyenyonya naye ziwa moja, na Otaji, ambaye Baba alimnunua huko juu mtoni angali mtoto, akamlea kwenye sahani yetu. Mtu wa kununuliwa anaweza kuwa mkuu, lakini kwanza acheze. Mpiga ngoma huwaita mababu mmoja mmoja kwa sauti ya ngoma, na mchezaji huelekeza panga pale alipo yule aliyeitwa. Akikosea hupigiwa tena, na tena. Akikosea mara tatu, ukuu asahau, na atachekwa mpaka kaburini.

Wiki ile ya ngoma Otaji alirudi kutoka kupeleka mapipa dukani kwa Mzungu, akakataa chakula. Nilikuwa nimempondea viazi vikuu na ndizi, na samaki mnono juu yake.

"Nimemwona Babu Fenibo," akasema.

"Wapi? Ndotoni?"

"Dukani. Mzungu kamtundikia kofia kichwani."

Babu Fenibo ndiye aliyeianzisha nyumba yetu. Sanamu yake, pamoja na wanawe wawili waliochongwa kando yake, hukaa katika ukumbi wa mababu, nao ukumbi ulikuwa umefungwa kwa sababu ya matanga ya Baba. Aliyeachiwa kuutunza alikuwa kaka yangu. Nilitamani niende nikamtoe macho.

"Kaseme barazani," nikamwambia Otaji.

"Niseme nini? Mtu wa kununuliwa amsingizie mtoto wa damu? Watauliza, nani huenda dukani kila mara? Ni mimi! Mwizi nitakuwa mimi."

"Basi ngoma ikimwita, elekeza ukumbini, yaishe. Nani atajua?"

"Babu mwenyewe. Ataitwa, halafu aone naonyesha chumba kitupu?"

"Babu kafunikwa kofia ya Mzungu, Otaji. Hasikii kitu."

Hakucheka. Nilikuwa nimesema kwa hasira tu, na mara nikaogopa mdomo wangu mwenyewe.

Siku ya ngoma uwanja ulijaa hadi ukingoni mwa mto. Soberekon alikaa mbele, kavaa mahameli ya Baba. Mzee Iyalla alipiga ngoma akawaita mababu, na kila jina panga lilikwenda penyewe: huyu gatini, yule mtoni, yule kwenye mkoko mkubwa. Tukapiga vigelegele. Kisha akaitwa Babu Fenibo, na shingo zote zikageukia ukumbini.

Panga likaelekea chini ya mto, kwenye duka la Mzungu, ambalo bati lake liling'aa juani.

"Kapotea!" akapiga kelele shangazi yangu Ibinabo, dada wa Baba. "Si niliwaambia? Wa kununuliwa hajui kwao!"

Iyalla akapiga tena, polepole, kama anayemfundisha mtoto. Panga likaenda kulekule.

Ilibaki mara moja. Nilijisikia nikisema kwa sauti, mbele ya watu wote, "Ukumbini, mume wangu! Ukumbini!" Ngoma ikamwita Babu Fenibo mara ya tatu. Panga likaelekea dukani, wala halikutetemeka.

Watu waliangua kicheko. Lakini Iyalla aliweka fimbo zake chini. "Hao wengine wote kawapata," alisema. "Hebu fungueni ukumbi."

Wakaufungua. Palikuwa na mkeka na vumbi tu.

"Basi mwizi ni yeye!" Shangazi akaruka. "Nani mwingine huenda kule? Mvueni kinyago!"

Vijana wakamrukia. Mmoja alikwisha kumshika shingo niliposikia sauti ya kaka yangu.

"Mwacheni shemeji yangu! Nilimpeleka mimi." Soberekon alikuwa amesimama, mahameli yamemlowa jasho. "Mzungu alipokataa mapipa yetu, akawa anaupanda mto na meli yake kununua kwa wakulima wenyewe, mlikuwa mnakula nini? Alisema hatafungua mlango mpaka apewe ile sanamu. Nikampa. Na chumvi mliyolamba mwezi jana, nani aliniuliza imetoka wapi?"

Tulikuwa tumeilamba wote. Nilimchukia kaka yangu, na nilimwonea huruma vilevile, na sikujua niweke wapi macho.

Otaji alipewa ukuu. Kesho yake alishuka dukani na mitumbwi miwili iliyojaa mawese kwenda kumkomboa Babu. Kofia ilikuwa imetundikwa msumarini. Mzungu alimwambia, bila ubaya wowote, kwamba sanamu ilipakiwa melini jana, wakati ngoma zetu zinapiga kelele, na sasa iko njiani kwenda Ulaya.

Watu walitaka Soberekon afukuzwe. Otaji alikataa.

"Atacheza," alisema.

Akacheza mwaka uliofuata. Iyalla alipomwita Babu Fenibo, kaka yangu aligeukia ukumbini, akageukia dukani, kisha panga likapita vyote likanyooka kwenye mdomo wa mto, kwenye bahari ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeivuka. Ngoma iliita jina jingine. Yeye bado alielekeza huko. Likaitwa jingine, mkono haukushuka, kana kwamba mababu wote wamemfuata Babu Fenibo. Hakuna aliyecheka. Mama yetu akaanza kulia kilio cha msibani, wanawake wote tukaitikia, na Iyalla akaacha kupiga.