Mifuko Sita ya Ingobyi

Mwaka 1976 nilimaliza chuo nikapangiwa kazi ya bibi maendeleo katika kijiji kimoja upande wa Titye, wilaya ya Kasulu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Serikali ya kijiji ilinipatia chumba kwa Mzee Ntirampeba na mkewe Niyonsaba, waliokimbia Burundi miaka minne kabla sijafika. Walikuwa na binti mmoja, Josepha, aliyekuwa akimaliza darasa la saba.

Nyumba yao ilifagiliwa mara mbili kwa siku, lakini kila asubuhi kulikuwa na kitu kinatafutwa. Leo tupa ya kunolea majembe, kesho ufunguo wa stoo, keshokutwa kadi ya hospitali ya mzee. Karatasi zote Mama Josepha alizifunga ndani ya furushi la kitenge, na furushi lenyewe halikuwa na makao. Jioni lilikuwa mvunguni, asubuhi lilikuwa nyuma ya mtungi.

"Mama," nilimwambia siku moja, "nyumba hii inahitaji kituo. Mahali pamoja ambapo kila mtu anajua vitu vipo."

"Kituo cha polisi au cha basi?" mzee aliuliza.

Hata hivyo alichonga mbao, na mwezi wa Januari tulikuwa na rafu yenye vyumba vinne ukutani, kando ya mlango. Niliandika majina kwa mwandiko wangu mzuri: FUNGUO, HOSPITALI, KARATASI, SHULE. Juu yake nilitundika kalenda, nikazungushia duara jekundu siku ya Alhamisi. Siku hiyo Josepha alitakiwa kuondoka kwenda kidato cha kwanza, katika shule ya masista iliyokuwa mwendo wa siku nzima kwa basi. Barua ya kukubaliwa ilikuwa na mhuri, na ilisema wazi kwamba atakayefika bila barua hiyo hatapokelewa, na nafasi yake atapewa mwingine. Josepha aliisoma kila jioni, akairudisha penye neno SHULE.

Mama Josepha aliitazama rafu muda mrefu. "Pazuri," alisema. "Hata mgeni akiingia ataona vyote."

Nilidhani amenisifu.

Jumatatu ya wiki ile nilirudi kutoka shamba la akina mama nikakuta vyumba vyote vinne ni vitupu. Mchana ule lori lilisimama mbele ya nyumba, mama akiwa peke yake. Wanaume wawili walishuka, wakaongea, wakanyoosha vidole kuelekea nyumba. Walikuwa wanatafuta maji ya rejeta. Lakini walipobisha hodi, mama alikuwa ameshaondoa kila kitu kwenye rafu, amekificha hapa na pale, na kuingia migombani.

Kadi ya hospitali tuliikuta imechomekwa kwenye nyasi za paa. Ufunguo ulikuwa ndani ya chungu, cheti cha ubatizo katikati ya mikeka. Barua ya shule haikuonekana. Jumanne nzima tuliitafuta. Mzee alivuta nyasi za paa mpaka mvua ikapata njia. Josepha hakulia, ila alikikung'uta kikapu kilekile mara tatu.

"Mama, jaribu kukumbuka," alisema.

"Ninajaribu, mwana wanje," alijibu, akimwita mwanangu kwa Kirundi. "Mikono ndiyo iliyoficha. Mimi nilikuwa nasikiliza lori."

Nami, kwa ujinga wa cheti changu, nikauliza, "Kwa nini hukuziweka zote pamoja?"

Hakukasirika. "Baba yangu aliziweka pamoja," alisema. "Karatasi za nyumba nzima, mfukoni mwake. Askari wakamkamata kabla ya mto wa mpakani. Sisi tukavuka, yeye na karatasi wakabaki. Upande huu tukaulizwa sisi ni akina nani, tukawa na midomo tu ya kujibia." Aliitazama rafu. "Vitu vya mtu vinagawanywa, binti. Na haviwekwi machoni pa watu."

Nilitazama yale majina manne niliyoyaandika kwa fahari. Hata kusoma hakuwa anajua, na wala sikuwahi kumuuliza.

Jumatano asubuhi lilinijia jambo. "Mama, juzi ulipokimbilia migombani ulivaa nini?"

Alifikiri. "Nilijifunga ingobyi," alisema, akaona haya kidogo, maana ingobyi ni kitambaa cha kubebea mtoto mgongoni, na mtoto wake alikuwa anaenda sekondari.

"Jifunge tena. Upite ulipopita."

"Bibi maendeleo amekuwa mganga wa kupiga ramli," mzee alisema, lakini alisogeza kigoda kupisha njia.

Mama alijifunga kitambaa kile kizito cha kahawia, akakaza fundo kifuani. Alianzia kwenye rafu. Akagusa paa, akagusa chungu, akainamia mikeka. Alifika mlango wa nyuma, mguu mmoja nje, kisha akasimama. Akageuka polepole, akaingia stoo, na mkono wake ukazama hadi kiwiko ndani ya chungu cha mbegu za maharage zilizochanganywa na majivu. Ulitoka na kifurushi cha nailoni.

"Nilisema moyoni," alieleza, majivu yakimdondoka, "nikiwahi kurudi, cha kwanza nitakachofuata ni mbegu."

Josepha aliifungua barua. Mhuri ulikuwa safi. Hapo ndipo alipolia.

Mchana ule niliishusha rafu mwenyewe. Mama alileta ingobyi ileile, aliyombebea Josepha alipokuwa mchanga, tukaishonea mifuko sita. Alama alizichagua yeye, tukazitarizi kwa uzi mweusi: msalaba kwa vyeti vya ubatizo, jembe kwa tupa, tundu la kitasa kwa ufunguo. Mzee alipigilia vigingi viwili ukutani. Kamba za pembeni tuliziacha zining'inie, ili ukizivuta kitu chote kishuke mgongoni, tayari kwa safari.

Mfuko wa sita, wenye alama ya kitabu, Mama hakutaka ushonwe moja kwa moja. Tuliufunga kwa vifungo.

"Huu utaondoka naye," alisema. "Sisi tulitaka kugawana siku ya kukimbia, tukawa tumechelewa. Afadhali tugawane leo."

Alhamisi, lori lililokubali kumpeleka Josepha hadi kituo cha basi cha Kasulu lilisimama nje bila kupiga honi. Mama alikuwa anamenya mihogo chini ya ingobyi. Nilimwona akiinua kichwa. Mkono wake ulipanda ukaishika kamba ya kushoto, ukakaa hapo. Wanaume wakashuka. Hakuvuta.

Aliiachia kamba, akafungua vifungo vya mfuko wa sita, akampa bintiye.

"Usiuweke machoni pa watu," alimwambia.

"Sitauweka."

"Lakini ukumbuke ulipo."

"Mama, wewe ndiye wa kuambiwa hivyo."

Niyonsaba alicheka mpaka akafuta macho kwa kiganja. Tulilisindikiza lori kwa macho hadi kwenye kona ya mikaratusi. Ukutani ilibaki mifuko mitano.

Baadaye mzee aliingia na jembe begani, akauliza tupa iko wapi. Mkewe alimwonyesha ukuta kwa ncha ya kisu, akaendelea kumenya.