Likizo za Kerrow Degdeg

Baba yangu hakujua kukaa. Simsengenyi, wallahi, hata yeye mwenyewe alicheka akiambiwa. Mtaa wetu wote wa Waberi, pale Garissa, ulimwita Kerrow Degdeg, yaani Kerrow wa haraka, na jina lilimkaa kuliko koti lake la kazini. Chai aliinywa amesimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Mama yangu, Shamso, akimwambia haraka haraka haina baraka, yeye alimjibu chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Hayo ndiyo yaliyokuwa maamkizi yao kila asubuhi ya Mungu.

Shule zikifungwa, balaa yangu ilifunguliwa. Watoto wenzangu walilala mpaka jua liwatoe kitandani, mimi nikawa njiani. Baba alifanya kazi katika ofisi ya mifugo, na likizo yake aliipanga iangukie yangu, maana alinipenda mno, hilo silikatai. Alisema mtu asiyetembea hana habari. Basi tulitembea. Alinipeleka mto Tana nikaone viboko, na kabla kiboko hajatoa hata masikio majini, Baba ameshasema, "Umeona, ee? Twende." Alinipeleka Sangailu kwa binamu yake, tukachinjiwa mbuzi, na nyama ikiwa bado motoni Baba anaaga. Ile nyama tuliilia juu ya lori, imefungwa kwenye gazeti, na mimi nalia huku natafuna.

Nilikuwa na miaka kumi na nilitaka kitu kimoja tu. Nipelekwe mahali, halafu nikae hapo.

Pamoja na kuzunguka kote huko, palikuwa na mahali pamoja ambapo Baba hakunipeleka: kwa mama yake. Ayeeyo Rukiyo, yaani bibi yangu, aliishi na ngamia wake huko Hadado, upande wa Wajir, akihamahama kufuata malisho. Alinishika mara moja nikiwa mchanga, akarudi kwake. Kila likizo Baba alisema tutaenda likizo ijayo. Mama alinieleza sababu alipokuwa akinisuka nywele. Ayeeyo alikuwa na swali moja kwa mwanawe, lile lile miaka yote: utarudi lini kwenye ngamia za baba yako? Na Baba, mtu wa kujibu kila kitu papo hapo, swali hilo hakuwa na jibu lake. Kwa hiyo alikimbia kwingine kote.

Mwaka wa tisini na sita mvua ilikataa. Shule zilipokaribia kufungwa kwa likizo ya Agosti, Najib, dereva wa lori la bidhaa, alipita kwetu akitoka Wajir. Alisema Ayeeyo anaumwa, macho yanafifia, na anataka mtoto wa Kerrow aletwe amshike uso angali hai. Aliyasema hayo amesimama mlangoni, funguo mkononi, naye Baba amesimama vilevile.

Hapo nieleze jambo, maana asiye wa kwetu hatalijua. Kwetu habari nzito haipewi mtu aliyesimama. Hata kama mifugo yote imekufa, mgeni kwanza ataketishwa, atapewa maziwa au chai, atakunywa mpaka amalize, ndipo watu waseme. Ukimwaga msiba kwenye masikio ya mtu aliye wima, wewe si mtu. Kwa hiyo Najib alipoondoka, Baba alijipa moyo mbele yetu. "Ameniambia nimesimama," akasema. "Basi hakuna ubaya. Tutamkuta."

Mimi nilifurahi, potelea mbali. Kwa Ayeeyo anayeumwa, niliwaza, hata Degdeg atalazimika kukaa. Nilikwenda sokoni na Mama, nikamchagulia bibi yangu shali ya rangi ya zambarau, kwa kuwa Mama alisema mtu wa macho dhaifu huona rangi kali. Niliibeba kifuani safari nzima, sikutaka iguse vumbi.

Safari yenyewe ilikuwa adhabu. Pale Modogashe malori, letu likiwemo, yalisimamishwa yasubiri polisi wa kuyasindikiza, kwa hofu ya majambazi, na Baba akawa anazunguka lori kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti. Aliangalia magurudumu yasiyo yake. Aliwauliza askari wanangoja nini, wakamwambia aonyeshe kipande cha kitambulisho, akaonyesha, akauliza tena. Abiria wengine walitandika mikeka kivulini wakalala. Mimi nilimwona haya, nikajifanya simjui. Lakini alipokuja kunifunika kichwa na kitambaa chake ili jua lisiniumize, nilimsamehe nusu.

Tulifika Hadado mchana, siku ya soko, juu ya gari la mapipa ya maji. Baba aliruka kabla gari halijatulia. Pale senta palikuwa na mama aitwaye Maka, muuza chai, ambaye Ayeeyo hununua sukari kwake tangu Baba akiwa kijana. Alipomwona Baba aliacha kumimina. Baba akamsalimu, akauliza mama yake hajambo, na kambi imehamia wapi.

"Ni amani," Maka akasema. "Keti kwanza, Kerrow."

Baba akasema tutakaa tukirudi. Maka akasema chai iko tayari. Baba akasema mtoto hana kiu. Ala, hana kiu! Mtoto alikuwa ameshakalia kigogo, ulimi umegandamana na kaakaa, na mkono umenyooka kupokea kikombe. Baba alinishika mkono uleule akaniinua. Maka hakunitazama mimi. Alimtazama Baba, akarudia mara nyingine, kwa sauti ya chini, kwamba aketi. Mwanaume mmoja aliyekuwa akinywa chai aliinuka akampisha Baba kiti chake. Baba alimshukuru, akauliza tena njia, wakamwelekeza: silanga, lile bwawa la kuchimbwa, halafu upande wa magharibi.

Nilidhani ni Degdeg yuleyule wa siku zote. Nilikasirika nikamfuata nyuma makusudi, nikipiga mawe teke. Lakini Baba aliyezoea kugeuka na kunitania, "Aabo, miguu umeazima?", safari hii hakugeuka. Kwetu baba humwita mtoto wake aabo, yaani baba, jina lilelile mtoto analomwita yeye, kwa mapenzi. Siku ile hakuniita kitu.

Silangani maji yalibaki tope katikati. Abdow, mzee wa ukoo wetu, alikuwa akinywesha ngamia wachache waliokonda. Alimwona Baba kwa mbali, akaacha ngamia, akaja mwenyewe mpaka njiani, na mtu kuacha ngamia wenye kiu si jambo la kawaida. Alimshika Baba kifundo cha mkono asiachie, akamwomba aje kivulini, kuna maziwa. Baba akasema ana haraka, mama yake anamngoja. Baba akautoa mkono wake taratibu kwenye ule wa mzee, kidole kimoja kimoja, na tukaendelea.

Sikuwa mjinga. Watu watatu walikuwa wamemtaka Baba aketi, na hakuna aliyetaka kutuambia lolote tukiwa wima. Nilimtazama mgongo wake unaokwenda mbele yangu, shati limeloa, na nikaanza kuogopa kufika. Nilitaka tuendelee kutembea. Mimi, niliyelilia kukaa kila likizo.

Kambi tuliiona kabla ya alasiri: vibanda vya mikeka, na boma la miiba. Gelle, mdogo wake Baba, alitoka kutupokea, na nyuma yake wanawake walisimama kimya. Watoto walivutwa ndani. Gelle alimkumbatia kaka yake muda mrefu, kisha akatandaza mkeka kivulini na kusema, "Karibuni, kaeni."

Baba hakukaa. Alianza kuzunguka, kama pale Modogashe. Aliuliza ngamia wangapi wamesalimika, bila kungoja jibu akauliza malisho yako wapi. Alitazama kibanda hiki na kile. Kisha akasema, kwa uchangamfu ulionitisha, kwamba anaona kibanda cha mama hakipo, bila shaka amekwenda kwa dada yake kule Buna, huyo naye hatulii, na sisi tukiondoka sasa hivi tutapata gari. Akaokota mfuko wetu. Akaninyooshea mkono.

"Twende, aabo."

Gelle aliinamisha kichwa. Hakuna mtu aliyethubutu kumzuia, na hakuna aliyeweza kumwambia, maana alikuwa amesimama. Angeweza kutembea hivyo mpaka Moyale na mpaka Uhabeshi, na kila mtu angempisha kiti, na yeye angesema tutakaa tukirudi. Asiyeambiwa bado ana mama. Baba alikuwa amelijua hilo tangu kwenye chai ya Maka, na labda tangu Garissa.

Nilimhurumia. Sikuushika mkono wake. Nilienda mkekani, nikakaa, nikaiweka shali ya zambarau mapajani.

"Aabo," nikasema, "mimi nimechoka. Keti na mimi."

Alinitazama kwa hasira, hasira hasa, kama niliyemsaliti. Nikadhani atanivuta. Alibaki amesimama pale na mfuko wake, jua usoni, wanawake wakiangalia ardhi. Halafu akaketi chini kando yangu, kwa uzito, kama mtu asiyejua mkeka uko umbali gani. Mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa nimekaa na baba yangu mahali.

Gelle alileta maziwa ya ngamia katika chombo kilichofukizwa moshi. Mwaka ule maziwa yalikuwa haba, na chombo hakikujaa. Alimkabidhi kaka yake kwa mikono miwili, kisha akakaa mbele yetu, mikono magotini, akingoja amalize.

Baba akanywa. Mtu aliyezoea kumaliza chai ya moto kabla hajavaa kiatu cha pili, alikunywa maziwa yale kwa kuyaonja tu. Alishusha chombo, akatazama ndani, akakipandisha tena. Alipangusa mdomo. Akanywa kidogo. Machozi yalikuwa yakimtiririka yakiingia kwenye ndevu, naye hakuyafuta, na hakuna aliyemhimiza. Nzi walitua ukingoni mwa chombo, akawafukuza polepole.

Maziwa yalipofika chini kabisa, alinigeukia na kunipa chombo.

"Kunywa, aabo. Ulikuwa na kiu."

Kiu nilikuwa nayo, Mungu ni shahidi, koo langu lilikuwa kama mchanga. Nilitazama ndani. Yalibaki mafunda mawili, si zaidi. Nikagusisha midomo tu, nikajifanya nimemeza, nikamrudishia.

"Bado yapo, Aabo," nikamwambia. "Endelea."