Beti Mbili za Bluu

Maji yale yalizoea kujibadili yenyewe ndani ya bilauri: meupe, manjano, bluu nzito, kisha meupe tena. Ijumaa hiyo yalidorora, bluu ikachelewa kurudi. Mwalimu Kalinga, aliyekuwa ayapeleke Iringa kwenye maonyesho ya shule, aliitazama chupa ya peroksaidi, dawa inayoyaendesha, kisha akamtazama Tumpe, mwosha vyombo wa maabara.

"Kuna mtu ameiba humu akajaza maji," alisema, wanafunzi wote wakisikia.

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwalimu," alidakia Ambokile, mtunza stoo. "Si Tumpe huyu anayesuka saluni kule Ilomba? Peroksaidi ndiyo wanayogeuzia nywele rangi ya dhahabu."

Wanafunzi wakaguna. Mmoja akasema, "Kumbe mwizi!"

Tumpe akainamia sinki. Kwa neno hilo kazi ilikuwa imekwisha, na nani tena angempa kichwa chake akisuke? Lakini jambo moja lilimkereketa: mbona Ambokile alikuwa na jibu mapema hivyo? Na mbona hamtazami usoni?

Darasa lilipotoka, alikausha mikono. "Mwalimu, tujaribu ile chupa mpya ambayo haijafunguliwa."

Tumpe aliimba kwaya. Kila maji yalipocheza rangi zake, yeye huku anaosha, aliyapima kwa wimbo. Kalinga akachanganya, Tumpe akaimba chini kwa chini. Ubeti mmoja ulipokwisha, bluu ikarudi.

"Sasa tia peroksaidi nusu, maji nusu."

Ambokile, aliyebaki mlangoni, akacheka. "Uliishia darasa la tano, leo unamfundisha mwalimu kemia?"

Safari hii bluu ilichukua beti mbili. Ya chupa ya zamani nayo, beti mbili vilevile.

"Kumbe wimbo wako unapima," Kalinga alisema polepole.

"Jumanne ulikuwa ubeti mmoja, mwalimu. Jioni ukanipa ruhusa, nikaenda msibani Igawa. Leo nimekukuta umeshafungua maabara, na sijagusa chupa, tayari beti mbili. Siku nilizokuwa msibani, chupa ilikuwa kwa nani?"

Ambokile akajikuna shingo.

"Jana alikuja mkaguzi," alisema mwishowe. "Yule huangalia tu chupa imefika mstari gani. Ikionekana nusu, hata kama imeishia kwenye majaribio, maswali hayaishi. Nikaongeza maji. Sikuuza hata tone!"

"Ukaniacha niitwe mwizi, kaka?"

"Nilidhani yatapita."

Kalinga akashusha pumzi. "Haya, tumeelewana. Yaishie hapa, mwanangu."

"Hapana, mwalimu." Tumpe aliinua uso. "Nimeitwa mwizi mbele ya wanafunzi. Na hili aliseme yeye, mbele yao."

Kalinga aliutazama mlango waliotokea wanafunzi. Yeye ndiye aliyeanza kulitamka neno wizi.

"Waite, Ambokile," alisema. "Ukimaliza wewe, nitasema na mimi."